Bisibisi imeparuza mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) karibu na sloti za RAM, laini za shaba zimekatika. Inatengenezeka au ndo basi?

mkarafuu_chake

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya mazabodi. Nna steshenari ndogo hapa Chake Chake, kazi yetu kuchapa, kutoa kopi, kuskani vitambulisho, kuwajazia watu fomu za mtandaoni, na wakati huu ndo skuli zinaleta mitihani ya kuchapishwa kwa hiyo kazi imejaa mpaka mlangoni. Kompyuta ninayoitegemea ni Dell OptiPlex 7020 ya mtumba, i5 kizazi cha nne, RAM mbili za DDR3 na sloti zake nne.

Ilikuwa inapata moto na feni inavuma muda wote, basi mtoto wa dada yangu anayenisaidia dukani akaifungua kupiga vumbi na kubadilisha ile pesti ya prosesa. Kazi kaifanya vizuri, vumbi lote katoa, ila mwisho wakati anakaza skrubu za hitsinki (kile chuma cha kupoza prosesa) bisibisi ikateleza ikaenda kuparuza bodi, hapo hapo baina ya soketi ya prosesa na sloti za RAM. Mkwaruzo hauzidi sentimita moja lakini nikimulika kwa tochi ya simu naona shaba inang'aa na vimstari kadhaa kama vimekatika. Nikiwasha feni zinazunguka, kioo cheusi, na taa ya swichi inapepesa rangi ya chungwa.

Fundi mmoja kaitazama kwa macho tu, hata hakuikamata, akanambia mazabodi ikishaparuzwa imekufa nitafute nyengine. Je ni kweli? Na mafaili ya wateja yamo mle ndani yatasalimika? Mtoto wa watu hali vizuri kwa fikra, mimi sijamgombeza ila nataka nimpe jibu la kweli.

ami_wete

Wa aleikum salaam, pole sana sheikh. Mwanzo niliposoma kioo cheusi nikajua ni mambo ya umeme, maana enzi zile tukitegemea majenereta ya Wesha, kabla waya wa umeme wa baharini haujafika Pemba kutoka Tanga mwaka 2010, mashine nyingi zilikuwa zinaondoka hivyo hivyo. Lakini yako sababu yake inaonekana kwa macho.

Niliwahi kusikia ukisugua penseli juu ya laini iliyokatika inaunga, maana ile ya ndani ya penseli inapitisha umeme. Jaribu hilo kabla hujatoa pesa. Na huyo kijana mwambie kila fundi mkubwa ana bodi yake aliyojifunzia.

fundi_mlandege

Ami wete kunradhi, penseli asijaribu kabisa. Ile ni grafaiti, inapitisha umeme kweli lakini kwa ukinzani mkubwa, na laini za RAM zinapitisha data kwa kasi ambayo grafaiti haiiwezi. Halafu unga wake unatapakaa unaunga laini ambazo hazikutakiwa kuungana, hapo tatizo dogo linakuwa kubwa.

Sasa wewe mwenye kompyuta, kwanza USIIWASHE TENA. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie kidogo ili umeme uliobaki uishe, toa na ile betri ya saa ya CR2032. Ntakwambia kwa nini nakukazania. Bisibisi ikipita juu ya laini haikati tu, inaburuta shaba ya laini hii mpaka inagusa ya jirani. Laini iliyokatika haiunguzi kitu, data haifiki na yameisha. Lakini mbili zilizogusana, ikitokea moja ina umeme na nyengine inaingia kwenye prosesa, kila ukibonyeza swichi unacheza na prosesa yako.

Kabla ya kugusa chochote shika chuma cha kasha utoe umeme wa mwilini. Safisha pale pahala kwa mswaki laini mkavu, na ukipata spiriti ya isopropili ya asilimia 99 ndo bora zaidi, ile spiriti ya rangi ya madukani inaacha utando. Kisha piga picha kwa simu ukaribu unavyowezekana, uivute, uangalie vitu viwili. La kwanza, je shaba imekatika kweli au imekwanguka vanishi tu? Ile rangi ya juu ya bodi ni vanishi ya kulinda, ikitoka shaba inang'aa na mtu anadhani laini imekufa kumbe nzima. La pili, je kuna vinyuzi vya shaba vimelala baina ya laini na laini? Vikiwepo viondoe kwa ncha ya sindano taratibu, mkono utulie, usichimbe. Bodi hizi zina matabaka ya shaba manne au zaidi na bisibisi ya kuteleza kwa kawaida inaishia tabaka la juu, kwa hiyo usije ukalifikia la chini wewe mwenyewe na sindano.

Ukimaliza hapo ndo jaribio la maana. Prosesa yako inazungumza na RAM kwa chaneli mbili, A na B, kila moja na laini zake 64 za data mbali na zile za anwani na za saa. Sloti zako nne, mbili ni za chaneli hii na mbili za ile. Ikikatika hata laini moja ya data kwenye chaneli A, RAM iliyokaa huko haisomeki na mashine inagoma kuwaka kabisa kwa sababu inakuta RAM mbovu, lakini chaneli B yaweza kuwa salama usalimini. Kwa hiyo toa RAM zote mbili, rudisha moja tu, uiwashe, isipowaka zima chomoa waya uihamishe sloti nyengine, mpaka sloti zote uzimalize. Ikiwaka hata kwenye moja basi hiyo bodi haijafa na aliyekwambia itupe hakuipima.

Na picha ituweke hapa tuione.

bint_mkoani

Fundi kamaliza upande wa bodi, mimi nizungumze upande wa mafaili maana ndo kazi yangu ofisini.

Kaka mkarafuu, diski yako haina kosa lolote, mkwaruzo uko kwengine kabisa. Itoe, ichomeke kwenye kompyuta nyengine kwa kebo ya SATA kwenda USB, kopi kila kitu leo, usingojee mpaka bodi itengemae. Ikiwa Windows yako ilikuwa na BitLocker (kufuli la mafaili ya diski) itakuuliza ufunguo wa tarakimu 48, huo utazame kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifungulia mashine. Hata ukija kubadilisha mazabodi bila kuigusa diski itakuuliza huo huo, kwa hiyo uutafute sasa hivi.

La pili na hili nakuomba sana. Usimpelekee fundi yeyote mashine ikiwa na diski ndani. Umesema unachapa mitihani ya skuli na unaskani vitambulisho. Mle mna karatasi za mtihani ambao watoto hawajaufanya, na mna vitambulisho vya Mzanzibari vya watu waliokuamini. Fundi anaweza kuwa mtu mwema kabisa lakini dukani kwake wanaingia watu wengi na kompyuta inakaa juu ya meza imewaka. Kupima bodi hakuhitaji diski yako hata kidogo, ikiwaka mpaka kwenye setingi za BIOS (zile za kabla ya Windows) inatosha kujua kama imepona. Mtihani ukivuja jina lako Chake nzima halitengenezeki kwa jampa, ule waya wa kuungia laini.

Leseni ya Windows iliyokuja na mashine pia imefungamana na mazabodi, ukiweka bodi nyengine inaweza kukataa kuaktivetiwa. Hiyo nayo ni sababu ya kuipigania hiyo ya kwanza.

kusi_tek

Na kama mwisho wa yote itabidi kununua, usikimbilie bodi yoyote ya LGA1150 (soketi ya prosesa kama yako) utakayoikuta. Hizo OptiPlex pawasapulai yake (kile kiboksi cha kugawa umeme) haina ile plagi ya pini 24 ya kawaida, ina ya pini 8 ya Dell wenyewe, ukinunua bodi ya kampuni nyengine utaanza kununua na pawasapulai na kasha. Halafu 7020 zipo za kasha kubwa na za kasha dogo na bodi zao hazifanani. Tafuta mwenye 7020 ile ile ya umbo lile lile iliyokufa kitu chengine, ununue nzima. Prosesa yako na RAM zinahamia bila shida, ila prosesa iinue wima na uishushe wima maana pini ziko kwenye soketi, 1150 zote, na pini iliyolala ni kazi nyengine ya kilio.

mkarafuu_chake

Jamani Mungu awalipe. Nimekaa na kijana tumefanya moja moja kama fundi alivyosema, na nimemwachia yeye ndo ashike mswaki. Laini mbili zimekatika kabisa, nyengine zimekwanguka vanishi tu shaba iko nzima. Kinyuzi kimoja kilikuwa kimelala baina ya laini mbili, tumekitoa.

RAM kwenye sloti mbili haiwaki, taa ya chungwa ile ile. Tukahamisha upande wa pili IMEWAKA. Wallahi kijana kapiga kelele mpaka jirani kaja kutazama. Inaonesha RAM moja sasa na Windows imepanda bila matatizo, nikazima nikatoa diski kama dada alivyosema, mafaili yote nshayakopi.

Sasa suali langu la mwisho. Niitumie hivi hivi na RAM za upande mmoja au niitengeneze hizo laini mbili? Na je nikizipaka rangi ya kucha pale palipo wazi ni sawa?

fundi_mlandege

Alhamdulillah. Umeokoa pesa nyingi hapo.

Kwa kazi ya kuchapa unaweza kuitumia hivyo. Upande ulio mzima una sloti mbili, weka RAM zako zote mbili huko huko, utapata ukubwa wote ila kwa chaneli moja, kasi inapungua kidogo na kwenye kuandika barua hutoiona. Lakini kabla hujaiamini na mitihani ya watu iache usiku kucha ipime RAM, MemTest86 ya bure unaiweka kwenye flashi, au ukiwasha bonyeza F12 uchague dayagnostiki za Dell zimo ndani. Ikitoa hata kosa moja ujue kuna laini nyengine imejeruhiwa nusu, na hiyo ni mbaya kuliko iliyokatika maana inakuharibia mafaili kimya kimya.

Rangi ya kucha ya maji, ile isiyo na rangi wala vimetameta, inafaa kwa muda. Usiache shaba wazi khasa huku kwetu. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika, shaba ile itaota kutu ya kijani na laini ambazo leo ni nzima zitalika zikatike. Paka mashine ikiwa imechomolewa, ikauke sawasawa ndo uiwashe.

Ukitaka ipone kabisa, zile laini mbili zinaungwa kwa waya wa jampa, shaba nyembamba yenye vanishi, unene wa milimita 0.1 au chini yake. Unakwangua ncha mbili, unapaka fluksi (dawa ya kufanya risasi ishike), unalehemu, unafunika kwa maski ya UV, vanishi inayokauka kwa taa. Rangi ya kucha haimzuii fundi, inakwanguka. Lakini chagua mtu. Ukiitazama bodi utaona zile laini za RAM zimepinda pinda mithili ya nyoka, yale si mapambo, zimepimwa urefu ili data zote zifike pamoja, ni kama watu wanaovuta juya, mmoja akichelewa wavu unapinda. Kwa hiyo jampa lazima iwe fupi na ilale pale pale laini ilipopita. Anayekwambia atauzungusha waya kwa nyuma ya bodi muage.

Kwa maoni yangu usimtafute fundi kompyuta mwenye pasi kubwa ya redio. Mtafute fundi simu mwenye hadubini mezani, hawa laini nyembamba kuliko hizo ndo chakula chao cha kila siku, na huku mjini Darajani na Mlandege wapo. Muulize kwanza kama anayo maski ya UV na waya wa 0.1, akikujibu bila kusita mpe kazi.

mkarafuu_chake

Nimeelewa. Nitaitumia hivi mpaka msimu wa mitihani upite kisha nitampa kijana mwenyewe apande nayo meli ya Mkoani aje nayo Unguja, akae pembeni ya fundi aone inavyofanywa. Kasema anataka kujifunza hiyo kazi ya hadubini na mimi nimemkubalia.

fundi_mlandege

Vizuri sana. Akija asilete kasha zima, alete bodi na RAM moja na pawasapulai yake, maana ndo hiyo ya pini 8 na huku tunaweza kukosa ya kuiwashia. Prosesa aiache ndani ya soketi imefungwa, inazilinda pini. Bodi iingie kwenye ule mfuko wa kijivu unaozuia umeme tuli, kisha ndo sponji au kitambaa kizito juu yake, na boksi alipakate kwenye meli asiliweke chini ambako maji ya bahari yanarukia.

bint_mkoani

Na diski ibaki Chake.