Waarya waliingia India kutoka nje au walikuwepo toka mwanzo? Wajuzi wa historia njooni

mdadisi_wa_kale
Wakuu habari za saa hizi. Kuna jambo linanisumbua kitambo na kila nikisoma ndo nazidi kuchanganyikiwa. Vitabu vya zamani vinasema walikuwepo watu wanaitwa Waarya, wakashuka na farasi na magari ya vita kutoka kaskazini, wakabomoa miji ya Harappa na Mohenjo-daro, wakawasukuma Wadravidi (watu wa kusini ya India) huko kusini, wakaleta lugha ya Kisanskriti na Veda, yale mashairi matakatifu ya kale. Afu unakutana na wengine, tena wasomi wa India kabisa, wanasema hayo yalitungwa na Waingereza ili kuhalalisha ukoloni, Waarya ni wenyeji na ustaarabu wote umeota palepale. Mwaka 2019 ikatoka ile DNA ya mifupa ya mji wa kale wa Rakhigarhi nikasema haya sasa sayansi imeamua, kumbe pande zote mbili zinadai DNA hiyohiyo imewapa ushindi! Inawezekanaje utafiti mmoja usomwe kinyume namna hiyo? Na kwa nini watu wanagombana hivi kwa jambo la miaka elfu nne iliyopita? Naomba mwenye muda anieleweshe taratibu, sio kwa matusi.

Ngalawa_2
Mleta mada, ugomvi wote huu unatokana na watu kuchanganya maswali matatu na kuyajibu kama swali moja. Nani alijenga miji ya bonde la mto Indus, yaani hiyo Harappa na Mohenjo-daro, hilo la kwanza. La pili, je kuna watu walioingia baadaye, na la tatu lugha ya Kisanskriti imetoka wapi. Unaweza kujibu "wenyeji" kwa la kwanza na "ndiyo" kwa la pili bila kujipinga hata kidogo.

Anza na miji. Mpaka miaka ya 1920 hakuna aliyejua kama ilikuwepo. Daya Ram Sahni akachimba Harappa, R. D. Banerji akaona Mohenjo-daro, na mwaka 1924 John Marshall akautangazia ulimwengu. Sasa angalia tatizo: hadithi ya Waarya ilikuwa imeshatungwa kabla ya hapo, imetoka kwenye lugha, toka William Jones aliposimama Calcutta mwaka 1786 akasema Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini lazima vina asili moja. Kwa hiyo wasomi walikuwa wanao wavamizi mkononi lakini hawana waliovamiwa. Miji ilipopatikana wakaona ahaa, kumbe hawa ndo waliovamiwa. Mortimer Wheeler alipokuwa mkuu wa idara ya mambo ya kale ya India akaiona mifupa ya watu kama 37 Mohenjo-daro, wengine wamelala mitaani, akasema mtuhumiwa ni Indra, mungu wa Veda, na jeshi lake.

Haikusimama hiyo. Mwaka 1964 George Dales akairudia ile mifupa akaonyesha haitoki kipindi kimoja, hakuna tabaka la majivu la mji kuchomwa, hakuna silaha, hakuna miili ya wapiganaji. Miji ile haikuanguka kwa siku moja. Kuanzia kama 1900 KK watu walianza kuiacha kidogo kidogo, mvua za monsuni zikapungua, biashara na Mesopotamia ikafifia, wakahamia vijijini kuelekea mashariki na Gujarat. Hilo la uvamizi wa kubomoa miji limekufa, na ni wasomi wenyewe walioliua, sio wanasiasa. Ila kufa kwa uvamizi sio kufa kwa uhamiaji, hapo ndo watu wengi wanapoteleza.

binti_wa_maktaba
Naomba niongezee upande wa DNA maana ndo swali lake hasa.

Zilitoka tafiti mbili kwa pamoja, Septemba 2019. Moja kwenye jarida la Cell, ya Vasant Shinde na wenzake, kuhusu Rakhigarhi kule Haryana. Nyingine kwenye Science, ya Vagheesh Narasimhan na wenzake, yenye watu wa kale 523 kutoka Asia ya Kati na Asia ya Kusini. Na baadhi ya waandishi ni walewale kwenye zote mbili, kwa hiyo sio kambi mbili zinazopigana, kama watu wanavyodhani!

Rakhigarhi walijaribu sampuli 61 za mifupa. Joto la kule linaua DNA vibaya sana, ikapatikana moja tu ya maana, ya mwanamke. Huyu mama ana mchanganyiko wa vitu viwili, asili inayofanana na watu wa kale wa Iran na asili ya wawindaji wa kale wa Asia ya Kusini. Hana kabisa asili ya wafugaji wa nyika, zile nyika za kaskazini kuanzia juu ya Bahari Nyeusi hadi Kazakhstan. Na ile asili yake ya Kiirani ilitengana na ya Wairani wenyewe kabla kilimo hakijaanza, maana yake kilimo cha pale hakikuletwa na wimbi kubwa la wakulima kutoka magharibi ya Iran, kitu ambacho wengi walikuwa wanakiamini.

Ndo hapo upande mmoja ukashangilia, "hana damu ya nyika, basi hakuna Waarya walioingia". Lakini fikiria mwenyewe, huyu mama ameishi miaka mia kadhaa KABLA ya wakati ambao uhamiaji unasemekana ulitokea. Kutokuwa nayo ndicho hasa kinachotarajiwa kama asili hiyo ilikuja baadaye. Sasa fungua ule wa Science: asili ya nyika inaonekana kuingia Asia ya Kusini kati ya 2000 na 1500 KK, na kwenye makaburi ya bonde la Swat, kaskazini ya Pakistan, baada ya hapo unaikuta kwa watu. Leo kuna makundi ya India yanafikia kama asilimia 30 ya asili hiyo, na inakuwa juu zaidi kwenye makundi ambayo kwa desturi ni ya makuhani, wale Wabrahmini.

Mimi kilichoniumiza ni mkutano na waandishi wa habari uliofanyika Delhi siku zile, ambapo ilitangazwa nadharia ya Waarya imevunjwa kabisa, wakati karatasi yenyewe ukiisoma haisemi hivyo. Wengi wamesikia mkutano, hawajasoma karatasi.

Mto_Uliokauka
Nimewasoma wote na nawaheshimu lakini mbona mnazungumza kama kesi imefungwa, mtu mmoja Rakhigarhi ndo mnamjengea historia ya bara zima?? Kuna mambo hamjagusa. Rigveda, ile Veda ya kale kuliko zote, haikumbuki nchi nyingine yoyote, hakuna sehemu wanasema "tulitoka mbali tukafika hapa", mito wanayoitaja ni ya palepale, na mkubwa kuliko yote ni Saraswati ambao wanasema unatiririka kutoka milimani hadi baharini. Mto huo wengi wanaulinganisha na Ghaggar-Hakra uliokauka, na kando yake makazi ya Waharappa yamejaa, Kalibangan ipo pale, Rakhigarhi yenyewe haiko mbali. Kama Waarya walikuja 1500 KK wakati mto umeshakufa, walisifuje mto ambao hawajauona? Afu Sinauli kule Uttar Pradesh mwaka 2018 wamefukua makaburi yenye magari ya kukokotwa ya karibu 2000 KK, hayo nayo yaliletwa na nani? Mimi sitetei chama chochote cha siasa, nasema tu mkoloni alitufundisha kwamba kila kizuri kimetoka nje na watu wana haki ya kulikagua hilo upya.

Ngalawa_2
Mkuu Mto, hoja ya mkoloni nakuunga mkono mia kwa mia, neno "arya" ndani ya Veda halikuwa rangi ya ngozi wala pua, hayo ya mbari yalibandikwa Ulaya karne ya 19 na madhara yake dunia nzima iliyaona.

Kuhusu Saraswati, wataalamu wa miamba bado wanabishana. Utafiti wa 2017 unasema mto Sutlej uliuacha mkondo ule kama miaka 8,000 iliyopita, kwa hiyo Waharappa walikaa kwenye bonde lenye maji ya msimu. Wa 2019 unasema maji ya milimani yaliendelea mpaka kama miaka 4,500 iliyopita. Chukua wowote, bado miji ilikuwa kwenye kilele chake pembeni ya mto unaodhoofika au ulioshadhoofika. Na sifa za mashairi ya dini sio vipimo vya kina cha maji.

Sinauli ni ugunduzi mkubwa na inastahili heshima yake. Lakini magurudumu yale ni mazima, yamepambwa kwa shaba, hayana spoki, na farasi hakukutwa. Gari la Rigveda ni jepesi, la spoki, la farasi, na magari ya namna hiyo ya zamani kabisa tunayoyajua yametoka makaburi ya Sintashta, kusini ya milima ya Ural, karibu 2000 KK. Farasi ndo mfupa mgumu hapa. Mihuri ya Indus ina fahali, tembo, kifaru, chui milia, na yule mnyama wa pembe moja kila mahali, farasi hayumo. Mifupa ya Surkotada kule Gujarat, Sándor Bökönyi aliikubali kuwa ya farasi, Richard Meadow akakataa, mpaka leo wataalamu wanavutana. Halafu unafungua Rigveda farasi yuko kila ukurasa.

Na kuna hili ambalo sijaona upande wa pili wakilijibu vizuri: Wamitanni, kaskazini ya Syria, kwenye mkataba wao na Wahiti, dola ya kale ya Uturuki ya leo, karne ya 14 KK wanaapa kwa Mitra, Varuna, Indra na Nasatya. Miungu ya Veda, mbali kabisa na India. Unaweza kusema walitoka India wakaenda huko, lakini kama lugha hizi zingeenea kutoka India, wangeacha alama za India kwenye vinasaba vya watu wa nyika na huko hazionekani, mwelekeo unaoonekana ni wa kaskazini kuja kusini.

mdadisi_wa_kale
Daah nashukuru sana nimeanza kuona mwanga. Ila mbona hamjagusa lile la kugombana? Na Waharappa wenyewe walikuwa wanaongea nini?

Kalamu_ya_Wino
La kugombana niachie mimi maana ndo linalonikera kuliko yote. Hii hoja India haijawahi kuwa ya makumbusho. Jyotirao Phule mwaka 1873 aliitumia kuwaambia watu wa tabaka la chini kwamba Wabrahmini ni wageni waliowanyang'anya nchi. Tilak, Mbrahmini na mpigania uhuru, mwaka 1903 yeye akaandika kwa fahari kwamba Waarya walitoka karibu na ncha ya kaskazini ya dunia. Ambedkar, aliyezaliwa Mdalit, yaani wale waliohesabiwa "wasioguswa", mwaka 1946 akaikataa nadharia nzima akisema haina ushahidi ndani ya Veda, na chuki yake kwa mfumo wa matabaka hakuna anayeitilia shaka. Kusini Wadravidi wakaigeuza msingi wa siasa zao. Wazalendo wa Kihindu leo wanaikataa kwa sababu wakikubali mababu wa Veda walihama, itakuwa vigumu kumwambia Mwislamu au Mkristo kuwa dini yake tu ndo imetoka nje. Mwaka 2024 mpaka kitabu cha historia cha darasa la 12 kikabadilishwa kuingiza matokeo ya Rakhigarhi.

Na vinasaba vinasema nini juu ya haya? Kwamba karibu kila kundi la India bara, kaskazini kwa kusini, juu kwa chini ya ngazi ya matabaka, ni mchanganyiko wa watu walewale kwa viwango tofauti. Utafiti wa 2013 wa Priya Moorjani na wenzake ulionyesha uchanganyaji mkubwa kati ya miaka 4,200 na 1,900 iliyopita, kisha ndoa za ndani ya kundi zikakaza. Yaani kulikuwa na karne nyingi watu walioana bila kuta hizi, na huyo mtoto wa Kidalit anayezuiwa kisimani leo ana mababu wa pamoja na anayemzuia. Hilo ndo lingepaswa kuwa kichwa cha habari.

binti_wa_maktaba
Lugha yao haijulikani. Maandishi yapo, maelfu, alama zaidi ya 400, lakini wastani ni alama tano tu kwa andiko, utasomaje? Iravatham Mahadevan na Asko Parpola walitumia maisha yao kujenga hoja ya Kidravidi, na Wabrahui wa Balochistan, ambao lugha yao ni ya ukoo huo mbali kabisa na Tamil Nadu, jimbo la kusini ya India, wengine wanawaona kama mabaki, wengine wanasema walihamia baadaye. Mwaka 2004 Farmer, Sproat na Witzel wakasema hayo sio maandishi ya lugha kabisa. Januari 2025 M. K. Stalin, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la Tamil Nadu wakati huo, akatangaza zawadi ya dola milioni moja kwa atakayeyafumbua, bado iko mezani.

Matumaini yangu mimi yako Mesopotamia. Kule waliwaita watu wa nchi inayodhaniwa kuwa ya Indus Meluhha, wakinunua kwao akiki, na kwenye jumba la Louvre kuna muhuri wa mtu anaitwa Shu-ilishu, kazi yake imeandikwa hapohapo: mkalimani wa lugha ya Meluhha. Kama alikuwepo mkalimani basi kuna uwezekano kuna kibao chenye lugha zote mbili, na maeneo ambayo hayajachimbwa Iraq bado ni mengi mno.