Tupeane uzoefu: kupanda mamumunye kwa mbegu nyumbani

Mwanzisha uzi (Muheza):
Wakuu, habari zenu. Vuli inakaribia, nami naandaa mashimo ya mamumunye nyuma ya jiko. Mumunye changa la nazi ndilo tulilokulia huku Tanga, na sokoni siku hizi unalitafuta mpaka unachoka. Mbegu zake zina ganda gumu, kwa hiyo nazilowesha usiku kucha, kisha natia mbili tatu kwenye shimo lenye samadi iliyooza vizuri. Ardhi ikiwa na joto, ndani ya wiki moja hadi mbili zimechomoza, nami naacha mche mmoja ulio imara. Leteni na yenu: mnapanda la kupika au la kibuyu? Na vitumba vinavyodondoka mnavifanyaje?

Mchangiaji wa Kiambu:
Dada, hilo la vitumba limenisumbua sana, ngoja nilieleze vizuri. Mmumunye una maua dume na maua jike kwenye mti huo huo. Dume linakaa juu ya kikonyo kirefu chembamba. Jike lina kimumunye kidogo chenye manyoya nyuma yake. Yote ni meupe na hufunguka jioni, wakati nyuki wamekwisha kulala. Wanaoyahudumia zaidi ni nondo wa usiku. Mahali penye nyumba nyingi nondo ni wachache, basi kile kimumunye kinageuka njano na kuanguka. Watu wanadhani ni ugonjwa, wananunua dawa bure.

Mimi hutoka jua likishazama. Nachuma ua dume lililofunguka, nachambua petali zake, na ule unga wa katikati naupaka taratibu ndani ya ua jike. Dume moja linatosha majike kadhaa. Baada ya siku chache kimumunye kilichoshika kinaanza kuinama na kunenepa. Tangu nianze kufanya hivi, nagawia majirani.

Jambo jingine: shina kuu likifika juu ya kichanja, kata ncha. Maua jike hutoka zaidi kwenye matawi ya pembeni.

Mchangiaji wa Morogoro:
Mkuu wa Kiambu, ubarikiwe. Kwangu adui ni nzi wa matunda. Anachoma tunda likiwa changa, ndani unakuta funza. Navalisha kila tunda mfuko wa gazeti mara tu linaposhika, na yaliyooza nayafukia chini sana. Kuyatupa pembeni ya bustani ni kuwafuga.

Mchangiaji wa Bomet:
Hamjambo. Huku kwetu tunapanda la kibuyu, maana mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya Kikalenjin, bila sotet, yaani kibuyu chake, si mursik. Hilo halichumwi mapema. Liache juu mpaka kikonyo kikauke kabisa na ganda likatae ukucha. Kisha lianikwe kivulini penye upepo, miezi kadhaa. Ukungu utakaotokea nje usikutishe. Angalia tu lisilainike. Ukilitikisa ukasikia mbegu zinacheza ndani, limeiva. Mama yangu hukata mdomo, hutia maji kulainisha nyama ya ndani, kisha hukwangua na kusuuza mara nyingi mpaka uchungu uishe. Mwisho hupaka mkaa wa mti wa senetwet ndani, ndipo maziwa yaingie. Tunda la kibuyu nalishauri lining'inie kwenye kichanja: likilala chini linakuwa bapa upande mmoja na kushika uozo.

Mchangiaji wa Dodoma:
Naomba kuuliza. Mmumunye umejiotea jalalani kwangu, umezaa vizuri. Naweza kupika?

Mwanzisha uzi (Muheza):
Kata kipande kidogo, gusa na ncha ya ulimi, kisha tema. Likiwa chungu, tupa lote, tafadhali sana. Uchungu ule ni sumu, kupika hakuuondoi, na India wapo waliofariki kwa kunywa juisi ya mumunye chungu. Mti uliojiotea huenda mbegu yake ilichanganyika na aina chungu.

Ndiyo maana mimi tunda la mbegu nalichagua mapema: ua jike nalifunga kwa uzi kabla halijafunguka, jioni nalipaka unga wa mti ninaoujua utamu wake, nalifunga tena, kisha natia alama ya kitambaa ili watoto wasilichume.

Mchangiaji wa Dodoma:
Nimeonja. Chungu kweli, nimeung'oa. Mwenye mbegu tamu aliye karibu na Dodoma aniambie, nauli ya basi nalipa mimi.