SHALI (Mwajuma hayumo)

Ijumaa

Tatu 06:12
Asalaam aleikum wote. Mwajuma sijamweka humu, msimwambie. Mtoto anatarajiwa mwezi wa saba, na baridi ya Kasulu mwezi huo mnaijua. Tunamfumia shali kwa uzi uliobaki majumbani. Hakuna kununua.

Tatu 06:15
Kiraba sentimita 15 kwa 15. Vitano upana, sita urefu, jumla 30. Shali litatoka 75 kwa 90.

Tatu 09:40
Watu 14 mmesoma. Aliyeitikia hata salamu hakuna.

Hamisi 09:52
Waaleikum salaam. Mimi dada najua kufuma nyavu tu. Mtoto anataka ya dagaa?

Tatu 09:53
Hamisi nyamaza.

Mwasiti 11:20
Mimi nina uzi uliobaki kwenye vitambaa vya makochi. Nyekundu vibonge viwili, nyeupe kidogo

Tatu 11:21
Nyekundu iloweke kwanza, tena na kipande cha kitambaa cheupe. Ikichuja hatuitaki, itaharibu vyote.

Hamisi 11:24
Nyekundu na nyeupe?? Hilo shali au jezi ya Simba

Saidi Dar 11:25
Mjomba wa mtoto ni Yanga. Bila njano na kijani sichangii 💚💛

Hamisi 11:25
Kwani ulishawahi kuchangia

Saidi Dar 11:26
😂😂😂 baba mdogo jamani

Tatu 11:31
Nimeuliza uzi unachuja au hauchuji!!!

Rukia 13:05
Samahani nilikuwa sokoni. Mimi nina uzi wa sweta la shule nililofumua, mnene. Mwingine mwembamba. Nikianza vitanzi 30, mnene unatoka mkeka, mwembamba unatoka leso

Tatu 13:09
Wifi usihesabu vitanzi, pima kwa rula. Mwembamba ufume nyuzi mbili pamoja. Huo uliofumua una mikunjo, uoshe uutundike na kitu kizito kidogo chini, utanyooka. Na sitaki matundu makubwa, vidole vya mtoto vinanasa. Mikia ya uzi ifichwe yote.

Mwasiti 13:15
Nitajuaje huu ni sufu au wa kiwandani

Tatu 13:17
Choma ncha. Ukinuka nywele ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kidonge kigumu ni wa kiwandani. Sufu ikikutana na maji ya moto inarudi, wenzake hawarudi, shali zima linajikunja. Kwa hiyo tusichanganye.

Rukia 13:40
Sawa. Na ule mweupe wa kwenye sanduku je? Ule ndio mzuri kwa mtoto. Vibonge sita, uko kwa Tatu tangu tuhame Mwanga

Tatu 13:41
Rukia usianze.

Rukia 13:41
Sianzi, nauliza. Na sindano zangu namba nne ziliondoka na sanduku hilohilo

Tatu 13:43
Sindano nilirudisha siku ya hitma ya baba. Nilimkabidhi Mwasiti mkononi.

Mwasiti 13:44
Msiniingize. Nilipewa moja

Hamisi 13:45
Moja mtu anafumia nini, mishikaki?

Rukia 13:48
Miaka yote hiyo uzi umekaa tu, wengine tunanunua. Basi aseme kama ameuza

Bi Mkubwa 15:31
🎤 1:08

Asha wa Ujiji 15:36
Bibi anasema niandike kwa wasioweza kufungua sauti. "Uzi ule niliununua mimi, wa mtoto wa Zuhura. Mtoto hakukaa. Nikamwambia Tatu auondoe nyumbani, mwenzake asiuone, na asimwambie mtu. Leo mnaugombea kama dagaa mwaloni. Mwenye uzi yumo humu humu, anawasoma."

Rukia
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Saidi Dar 16:20
🙏

Zuhura 21:47
Ndio nafunga duka. Dada Tatu vibonge vitano wape, mtoto ni wetu wote. Cha sita nilishakianza, kina mistari saba, bado iko kwenye sindano. Ndiyo hiyo ya wifi Rukia. Usiifumue

Rukia 22:03
Wifi nisamehe. Sindano ibaki hapohapo

Zuhura 22:04
Yameisha wifi

Jumamosi

Tatu 06:05
Asalaam aleikum. Mama shikamoo, tumekusikia.

Tatu 06:07
Vibonge vitano vipo, nimevianika asubuhi hii, vilikuwa na harufu ya sanduku. Mwasiti nyekundu imechuja?

Mwasiti 08:30
Beseni zima limekuwa waridi

Tatu 08:31
Basi weka pembeni. Viraba vilivyoahidiwa mpaka sasa ni tisa. Bado 21. Saidi?

Saidi Dar 08:33
Niko kwenye daladala shangazi nitakupigia

Tatu 08:34
Na nani anapanda Kasulu kabla ya mwisho wa mwezi? Wa kubeba.

Hamisi 10:12
Dada

Hamisi 10:12
Nani kamwongeza mume wa Mwajuma humu?