Naomba ushauri: amri ya kutengeneza kigeu cha wastani katika SPSS

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninachambua dodoso la kaya kwa SPSS (programu ya kuchambua takwimu), na vigeu vipya, yaani safu mpya za data, ninavitengeneza kwa kuandika amri katika dirisha la sintaksi badala ya kubofya menyu, ili msimamizi wangu aweze kufuatilia kila hatua na kuirudia mwenyewe.

Ninapokwama ni kwenye wastani wa maswali matano (m1 hadi m5) kuhusu huduma ya maji, kwa kuwa baadhi ya wahojiwa waliruka maswali. Nikiandika COMPUTE ridhaa = (m1+m2+m3+m4+m5)/5. aliyeacha hata swali moja hukosa thamani kabisa. Nikitumia MEAN(m1 TO m5), aliyejibu swali moja tu naye hupewa wastani, jambo ambalo naona linapotosha. MEAN.4, inayodai angalau majibu manne, inanivutia zaidi, ila sina hoja ya kitaalamu ya kuitetea.

Je, kiwango hicho huamuliwa kwa kigezo gani? Pia jibu la “sijui”, lenye alama 9, nimelitangulizia amri MISSING VALUES m1 TO m5 (9). inayolihesabu kama thamani iliyokosekana, ili lisiingie kwenye hesabu. Je, ni sahihi kulichukulia sawa na swali lililorukwa?