Mfuko wa pensheni ulishakufa 2018, kwa nini bado ndio unaamua mkupuo wangu?

Mtu wa Ilala: Wakuu hili linaninyima usingizi. Mimi nilianzia shirika la umma, michango ikaenda PPF, mfuko wa pensheni wa mashirika. Mke wangu mwalimu, yeye alikuwa PSPF, mfuko wa watumishi wa serikali. Agosti 2018 mifuko minne ikaunganishwa, PPF, PSPF, LAPF na GEPF, ikazaliwa PSSSF, na toka hapo tunakatwa sawasawa, sisi asilimia 5 mwajiri 15. Juzi usiku tumeweka slipu zetu mezani pembeni ya chupa ya chai, mfuko ni mmoja, asilimia ni ile ile. Lakini bajeti ya 2024 ilipopandisha mkupuo, ile hela ya mara moja unayopewa ukistaafu, kutoka asilimia 33 ya mafao, waliotoka mifuko iliyokuwa inalipa asilimia 50 wakapewa 40, sisi tuliotoka ya 25 tukapewa 35. Haki iko wapi hapo?

Kalamu Nyekundu: 35 ya mtu wa shirika inazidi 40 ya mwalimu, mkuu acha kulia. Na hao walimu mkupuo mkubwa wa nini, mwaka hauishi ishakuwa bodaboda na mke wa pili.

Mwl Mstaafu: Kalamu kauli hiyo irudishe. Nimefundisha darasa la kwanza miaka 34, watoto mia na zaidi chumba kimoja, nimeshika mikono yao moja moja kuwaonyesha "a" inavyoandikwa, mpaka leo bega la kulia halinyanyuki vizuri. Mkupuo wangu uliezeka nyumba na kumaliza ada ya mtoto wa mwisho. Bodaboda ipi?

Mpiga Hesabu: Turudi kwenye mada. Chukua wastani wa mshahara milioni 1 kwa mwezi, miezi 360 ya utumishi. Kwa 1/580, yaani miezi gawanya 580 zidisha mshahara wa mwaka, pensheni ya mwaka ni kama milioni 7.45. Mkupuo ni asilimia yako ya hiyo, unazidisha 12.5. Wa 40 anaondoka na mkupuo wa milioni 37.2 halafu 372,000 kwa mwezi. Wa 35 anabeba milioni 32.6 halafu 403,000 kwa mwezi. Tofauti ya mkupuo gawanya kwa tofauti ya mwezi unapata miezi 150, yaani miaka 12 na nusu, ukiishi zaidi ya hapo wewe wa 35 umempita mwenzio. Sasa kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, cha zamani cha PSPF kilikuwa 1/540, unazidisha 15.5, nusu yake mkononi, mtu huyo huyo angeondoka na milioni 62. Aliyeumia hapo ni wa 40.

Nesi wa Kanda ya Ziwa: Mwalimu usimjibu huyo, hajui sisi tunavyosubiriwa, kabla hela haijaingia wajomba wameshajua tarehe.

Kalamu Nyekundu: Sirudishi. Tena walioajiriwa kabla ya 1999 hawakuchangia hata senti kwa miaka hiyo, halafu ndio wa kwanza kudai asilimia 50.

Mwl Mstaafu: Hatukuchangia kwa sababu hakuna aliyetukata! PSPF ilianza 1999, kabla ya hapo mtumishi alilipwa na serikali moja kwa moja, ndio mkataba tuliokuta. Deni la miaka ile ni la serikali na yenyewe imelikubali, ndio maana ilitoa hatifungani ya trilioni 2 na ushee kwa PSSSF. Sasa wewe unanifanya mimi mwizi?

Mtu wa Ilala: Jamani, PPF na PSPF, mbona hamnijibu?

Dada wa Uhasibu: Kaka Ilala sababu yao ni kwamba aliyetoka 50 kwenda 33 alianguka sana, wewe wa 25 ulikuwa umepanda. Mimi sikubaliani nayo, mfuko mmoja uwe na kikokotoo kimoja, ila ndio sababu yenyewe. Na kumbuka ya Desemba 2018, Magufuli alizuia kikokotoo kipya watu wakastaafu kwa kile cha zamani, kipya cha 33 kikaja Julai 2022. Hapo tarehe ya kustaafu imekuumiza kuliko jina la mfuko.

Kalamu Nyekundu: Mwalimu nisikilize. Baba yangu alikuwa mwalimu. Alilipwa mkupuo wote, ndani ya miezi kumi na moja hakuna kitu, kuna mtu alimwingiza kwenye biashara ya mbao. Pensheni yake ya mwezi haikutosha dawa za presha, nilizinunua mimi miaka sita mpaka tukamzika. Sitanii ninaposema bora mkupuo uwe mdogo mwezi uwe mnono.

Mwl Mstaafu: Pole sana mwanangu. Kumbe ni hilo. Ila ungelisema hivyo toka mwanzo. Huyo alitapeliwa, na mbao wametapeliwa hata wahasibu. Na ukinipunguzia mkupuo bati nanunua na nini, kwa laki tatu ya kila mwezi?

Nesi wa Kanda ya Ziwa: Hiyo ya mbao hata kwetu ipo, wanakuja mpaka wodini wanaulizia nani anastaafu Juni.

Mtu wa Ilala: Wodini kabisa? Mke wangu anastaafu mwakani, hebu eleza wanakujaje.