Msaada: wapi hapa Dar naweza kumpeleka mama akakaa kivulini?

Mjukuu wa Marangu
Wakuu salaam. Mama amekuja kutoka Marangu, wiki ya pili sasa. Kwake akifungua mlango yuko kwenye migomba. Hapa Kimara akifungua mlango anakutana na ukuta wa jirani. Juzi kaniuliza, "Hivi huku watu wanapumzikia wapi?" Nikakosa jibu.

Jumapili nilijaribu. Nikambeba yeye na wanangu wawili, miaka 6 na 9, hadi sehemu moja ya mjini yenye majani yaliyofyekwa vizuri. Tumetandika khanga, chupa ya chai haijafunguliwa, mlinzi huyo na filimbi: "Hapa ni pa kuangalia, siyo pa kukaa." Mama akakunja khanga yake bila neno. Iliniuma sana.

Naomba sehemu yenye miti na pa kukaa. Magoti yanamsumbua, gari sina.

Popo wa Pugu
Mkuu, Pugu! Msitu wa Pugu Kazimzumbwi uko chini ya TFS, wale wakala wa misitu, unaingilia upande wa Kisarawe, hewa ya kule ni nyingine kabisa. Kuna mapango ya machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe. Jioni popo wanatoka mle kama moshi.

Mama Wawili
Popo, swali umelisoma? Mtu kasema magoti, wewe unampeleka mama wa watu pangoni.

Popo wa Pugu
Hahaha, yamenishuka dada. Basi iwe ya watoto, bibi akisharudi Moshi.

Kasia Moja
Kisiwa cha Mbudya je? Ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo. Boti unapandia Kunduchi, vibanda vya makuti vipo, samaki wanakaangwa palepale. Ila niseme ukweli: kushuka ni kuruka majini, maji ya magoti au zaidi kutegemea kujaa na kupwa. Mama yangu mimi nilimbeba mgongoni na bado ananisimulia kwa wageni.

Mama Wawili
Mjukuu, sikiliza. Nenda Bustani ya Mimea, ile ya Posta karibu na Makumbusho ya Taifa. Ilianzishwa na Mjerumani Stuhlmann mwaka 1893, walikuwa wanajaribia mimea ya kibiashara. Leo imebaki ndogo, nusu saa umeizunguka, na usitegemee maua ya kwenye kalenda. Lakini ile miti! Saa sita mchana jua limewaka barabarani, wewe ndani unatafuta mtandio. Benchi zipo, njia ni tambarare, na tausi wanatembea wenyewe kati ya watu.

Toka Kimara panda mwendokasi za Kivukoni, shuka Posta ya Zamani, ukiona mama kachoka chukua bajaji. Watoto wakianza kulalamika wavushe Makumbusho wakaone fuvu la Zinjanthropus, lile alilookota Mary Leakey Olduvai 1959. Kule kuna kiingilio, beba kitambulisho ulipe bei ya Mtanzania.

Fundi Bomba
Naongezea Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo. Nyumba za asili za makabila mbalimbali chini ya miti, tangu 1966. Mama ataanza kukosoa msonge wa Kichaga, siku itaisha vizuri.

Halafu jamani, tusiwalaumu walinzi peke yao. Mtaani kwetu kwenye ramani kuna kiwanja cha wazi. Nenda leo: fremu kumi na moja na mashine ya kusaga.

Mjukuu wa Marangu
MREJESHO. Tulikwenda bustani ya Posta jana. Mama Wawili, ubarikiwe.

Mama alikagua miti kama anainunua. Mkrismasi ulikuwa umechanua, akaokota yale maganda marefu makavu, akampa kila mtoto lake. Wakayatikisa kama kayamba hadi nikajuta. Tukatandika khanga. Mara mlinzi anakuja upande wetu. Moyo paa! Nikaanza kukusanya vikombe. Kumbe anamfuata mama: "Shikamoo mama, sogea huku, hapo jua litakufikia saa hizi." Akatuonyesha chini ya mti mwingine, akaondoka zake.

Tausi mmoja alimpokonya mdogo andazi, mtoto akalia, kisha mwenyewe akampelekea tausi la pili.

Makumbusho hatukufika, mama aligoma kunyanyuka. Kasema Jumamosi tunarudi na atapika machalari. Popo, watoto wamesikia habari za pango, sasa wanakudai wewe.