Mrejesho: modemu iliyokuwa ikijizima na kujiwasha yenyewe

Wakuu, nimerudi. Kwa waliokosa mwanzo: modemu yangu ya kebo ilikuwa inajizima na kujiwasha mara nne tano kwa siku, hasa usiku watoto wakiwa kwenye video. Wengi mlisema joto. Nikaitoa kabatini, nikaiwekea feni. Wapi!

Aliyepatia ni yule aliyeuliza kama taa zote zinazimika pamoja au ya intaneti tu. Nikakaa kuitazama: zote, hata ya umeme. Laini ya kebo ikisumbua, kwa kawaida taa ya umeme haizimiki. Nikaazima mita ya kupima volti kwa fundi jirani, nikachuna kidogo waya wa adapta. Imeandikwa volti 12, ampea 1.5. Bila mzigo (modemu haijachomekwa) inasoma 12 safi, modemu ikiwaka inaporomoka hadi 9 na ushee. Kumbe adapta ndiyo imechoka.

Nimenunua nyingine Kariakoo, volti 12, ampea 2 (ampea zikizidi hazina neno, volti ndiyo usicheze nazo), chanya katikati ya pini kama ile ya zamani. Leo siku ya 11, haijazima hata mara moja. Feni nimeirudisha chumbani, mama watoto alishaanza kununa.